Dawa ya Tisa katika Nchi ya Yasemekana

Kisa hiki ni cha Sikudhani Mbwera, naye hakupenda kukisimulia, kwa sababu kila akifika katikati hasira humpanda upya. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye dirisha la dawa la hospitali ya wilaya, akimwambia kila mgonjwa jina la dawa yake, kazi yake, na lini aiache. Hakumpa mtu kidonge bila maelezo hayo, hata foleni ikifika getini. Wenzake walimwita Bi Maelezo, naye hakuchukia.

Aliyemtoa nyumbani ni mdogo wake, Mfaume, fundi cherehani aliyeshikwa na mtetemeko wa mikono. Hospitali zilimjaribu zikashindwa. Ndipo akasikia kwamba katika nchi ya Yasemekana ipo dawa mpya iitwayo Tisa, inayotuliza kila kinachotikisika. Akaenda. Barua yake ya kwanza ilikuwa kurasa nne. Ya pili, ukurasa mmoja. Ya tatu ilikuwa na maneno mawili: "Inafanya kazi." Sikudhani aliigeuza nyuma akitafuta mengine, hakuyaona. Akafunga mzigo.

Safari yenyewe haina la kusimuliwa. Alifika.

Mpakani alipokelewa na afisa aliyevaa koti jeupe la daktari. Baadaye alikuja kuona kwamba kila mtumishi wa nchi ile huvaa koti hilo, kuanzia hakimu hadi mfagia soko, na hakuna hata mmoja kati yao aliyesomea udaktari. Afisa akamsogezea karatasi.

"Mama, tia sahihi hapa kwamba umeelezwa."

"Nimeelezwa nini?"

"Kwamba umeelezwa."

"Lakini baba, hujanieleza kitu."

"Ndiyo maana tunahitaji sahihi," afisa akasema kwa upole. "Ungekuwa umeelezwa kweli, tungeona usoni."

Sikudhani akatia sahihi, maana nyuma yake watu walikuwa wameanza kuguna.

Akapewa mwenyeji wa kumtembeza, karani mmoja mwembamba mwenye adabu nyingi, Bwana Kizingo. Huyu alimwonya mapema kwamba katika mji ule watu hawaulizani hali. Mtu akikutana na mwenzake husema, "Inafanya kazi?" na mwenzake hujibu, "Inafanya!" kisha kila mmoja hushika njia yake. Kumwuliza mgonjwa anavyojisikia ni kosa la kufungwa siku mbili.

"Kosa kwa nini?" Sikudhani akauliza.

"Majibu yake hayafanani, mama. Huyu atasema kichwa, yule atasema moyo, wa tatu atasema ameota. Serikali itajumlisha nini?"

"Haya. Na hiyo Tisa inatibu nini?"

"Mwaka huu inatibu mtetemeko na kifafa. Mwaka jana ilitibu meno. Kabla ya hapo ilikuwa ya huzuni za wajane, na kabla yake walipewa ng'ombe waliokuwa wakikataa kuingia zizini."

"Ikawasaidia?"

"Waliingia."

"Wote?"

"Waliobaki," akasema Bwana Kizingo, kisha akaona uso wa mgeni wake akaongeza haraka: "Mama yangu, huko kwenu ugonjwa hutafutiwa dawa. Sisi dawa tunayo. Kazi tuliyobaki nayo ni kuitafutia ugonjwa."

Sikudhani akavuta pumzi. Akauliza, kama hii ni ya tisa, zile nane za mwanzo ziko wapi na waliozinywa wako wapi. Bwana Kizingo akageuka kutazama kama kuna aliyesikia.

"Swali hilo," akanong'ona, "halijapata kuulizwa na mtu mwenye malezi."

Mfaume alikuwa katika Nyumba ya Utulivu, jengo refu lenye vitanda mia mbili na ukimya kama wa msikiti saa nne asubuhi. Alikuwa ameketi kitandani akishona ukingo wa shuka kwa mkono. Sikudhani alisimama mlangoni akamtazama, na machozi yakamtoka kwa furaha, kwa sababu miaka mitatu alikuwa hajaiona mikono ile imetulia. Sindano ilikuwa ikipanda na kushuka kama zamani. Akasogea. Ndipo akaona shuka lina damu.

"Mfaume! Kidole!"

Mfaume akatazama. Sindano ilikuwa imepita kwenye ncha ya kidole cha shahada na kutokea upande wa pili, naye alikuwa amekwisha kukishona kidole pamoja na shuka, mishono mitatu.

"Aa," akasema. "Kumbe." Akaukata uzi, akaichomoa sindano kama mtu anayetoa unyasi kwenye kanzu.

Sikudhani akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa na makovu ya pasi hadi kwenye kifundo.

"Ukishika maji, unajua kama ni ya moto?"

"Naangalia mvuke." Akatabasamu kidogo. "Lakini mikono imetulia, dada. Si ndicho nilichokuja kutafuta?"

"Unataka kukaa?"

Mfaume alitazama mlangoni kwanza. Kisha akainamisha kichwa karibu na sikio la dada yake, kama walivyokuwa wakifanya utotoni wakimficha mama yao jambo.

"Mwezi uliopita waliniletea kitambaa nishone joho la Mwenyekiti. Nikakipapasa nikadhani ni gunia. Wakaniambia ni hariri. Hariri, dada! Mimi! Nipeleke nyumbani."

Sikudhani alidhani hilo lingekuwa jambo la nusu saa. Akamwendea Bwana Kizingo akamwambia mdogo wake anaacha dawa, wanaondoka kesho. Karani alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Kuanza Tisa hakuna masharti, mama. Hata wewe ukitaka, nakuanzishia sasa hivi. Kuacha ndiko kuna sheria. Asiyejua dawa inavyofanya kazi hana haki ya kuisimamisha."

"Ni nani anayejua?"

"Hakuna."

"Basi huisimamisha nani?"

"Haijapata kusimamishwa."

"Na anayeanzisha anajua inavyofanya kazi?"

"Angejua, angeogopa kuanzisha," akasema Bwana Kizingo, na Sikudhani hakuweza kutambua kama mtu huyu anatania.

Siku sita alizunguka ofisi za Yasemekana. Kila aliyevaa koti jeupe alimpeleka kwa mwingine, na wa mwisho akamrudisha kwa wa kwanza, ambaye alimkaribisha kama mgeni mpya na kumtolea karatasi ya kutia sahihi kwamba ameelezwa. Siku ya saba akaomba walau aonyeshwe dawa inakotengenezwa. Hilo halikuwa na sheria, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliomba.

Walimpeleka kwenye jiko kubwa nyuma ya Nyumba ya Utulivu. Akina mama watatu walikuwa wakikoroga masufuria. Ukutani palikuwa na karatasi ya zamani yenye mwandiko mzuri, na nusu yake ya chini ilikuwa imeliwa na panya.

"Tunafuata hadi hapa," akasema mkubwa wao, akionyesha ukingo wa tundu. "Kuanzia hapa tunatia magadi."

"Kwa nini magadi?"

"Ni meupe. Neno la mwisho linalosomeka ni 'unga mweupe wa.' Sisi wa asubuhi tunatia magadi. Wa jioni nasikia wanatia muhogo."

Sikudhani alikaa chini palepale, sakafuni, na vazi lake zuri. Miaka ishirini na sita alikuwa amewafukuza watu waliokuja dirishani na dawa zilizofungwa kwenye gazeti! Yule mama akamletea maji, akamwambia asihuzunike, maana Tisa inafanya kazi.

Lililobaki lilikuwa Baraza. Baraza la Dawa la Yasemekana hukutana kila Alhamisi, na wajumbe wake wamegawanyika pande mbili, Kabla na Baada. Watu wa Kabla hushikilia kwamba Tisa inywewe kabla ya chakula. Watu wa Baada hushikilia kinyume. Mjadala ulikuwa umeingia mwaka wa kumi na moja. Ndoa zilikuwa zimevunjika kwa ajili yake, na siku ile Sikudhani alimkuta mjumbe mmoja mzee wa Kabla akilia mimbarini, akieleza jinsi marehemu baba yake alivyokunywa na tumbo tupu mpaka dakika ya mwisho.

Mwenyekiti, Mheshimiwa Shaweji, mtu mnene mwenye sauti nzuri, akamruhusu mgeni azungumze, ila kwanza ataje upande wake.

"Sina upande," akasema Sikudhani.

"Umekula, mama?"

"Nimekula."

"Baada!" upande mmoja ukapiga makofi, na mwingine ukazomea.

"Waheshimiwa," akasema, "nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu. Hahisi sindano. Hahisi moto. Nimeona jikoni kwenu mnatia magadi asubuhi na muhogo jioni. Naomba mtu mmoja, mmoja tu, aniambie dawa hii inafanya nini mwilini."

Mjumbe mmoja akasimama na kuuliza, kwa heshima zote, kama muhogo haupaswi kuhesabiwa kuwa chakula, na kama ndivyo, basi wa jioni huwa wanakunywa kabla, baada, au pamoja. Ukumbi mzima ukalipuka. Viatu vilirushwa.

Sikudhani alisimama katikati ya kelele ile akahisi kitu kinakatika ndani yake. Hakuwa mwongo. Hata mkaguzi alipokuja dirishani kwake na kukuta chupa imepungua, alisema imepungua. Lakini alimkumbuka Mfaume akichomoa sindano na kusema "kumbe," akajikuta amepiga meza kwa kiganja.

"Mimi najua!" akasema.

Kelele zikafa.

"Najua inavyofanya kazi," akarudia, na ulimi ukawa mzito kama aliyekula pera bichi. "Damu ina barabara mbili, ya kwenda na ya kurudi. Tisa hukaa njia panda. Kila kinachotaka kutikisika hukizuia pale, kisipite."

Aliyasema yakimjia tu, kama mtu anayemtungia mtoto hadithi. Akangoja acheke mmoja. Hakucheka mtu. Ili kumpinga ingebidi mtu awe anajua, na hakuna aliyejua.

"Hiyo njia panda," akauliza mzee wa Kabla huku akifuta machozi, "iko kabla ya tumbo au baada?"

"Katikati," akasema Sikudhani.

Pande zote mbili zikashangilia kwamba zimeshinda. Kabla jua halijapinduka alikuwa amevishwa koti jeupe, amepewa cheo cha Mjuzi wa Nchi, na muhuri.

Muhuri aliutumia papo hapo. Alasiri ileile Mfaume alivuka mpaka akiwa na barua ya kuacha dawa, amevaa soksi mikononi asijiumize njiani. Alimwita dada yake waondoke pamoja. Sikudhani angeondoka pia, na mara nyingi baadaye alijiuliza kwa nini hakuondoka. Ni kwamba alipogeuka kuchukua mzigo wake, mlangoni palikuwa na foleni, na foleni ni kitu ambacho hakupata kukipa kisogo maishani mwake.

Siku tatu alikaa kwenye meza akigonga muhuri. Kila aliyekuja, Sikudhani alimwuliza anavyojisikia, lile swali la kufungwa siku mbili, na kwa kuwa sasa alikuwa Mjuzi, hakuna aliyethubutu kumkamata. Mmoja alisema hasikii tena ladha ya chumvi. Mwingine alisema amesahau njia ya kwao. Wapo waliosema wako salama na wanataka kuendelea, akawaacha waendelee. Waliotaka kuacha alihakikisha wanataka, kisha akagonga. Walifika arobaini na mmoja. Bwana Kizingo aliandika majina yao kwa mwandiko safi, bila kusema neno.

Siku ya nne akaja mwanamke aliyembeba binti wa miaka saba mgongoni, mkubwa wa kubebwa.

"Mimi ni mama yake Tunu," akasema. "Huyu ndiye Tunu. Kabla ya Tisa alikuwa anaanguka kifafa mara tatu kwa siku. Aliwahi kuniangukia motoni." Akaonyesha kovu shingoni mwa mtoto. "Tangu aanze, huu mwezi wa saba, ameanguka mara mbili tu."

"Mungu ni mwema," akasema Sikudhani.

"Ndiyo. Lakini hacheki tena, Mjuzi. Nikimtekenya ananitazama. Sijui ni dawa, sijui amekua, sijui ni hofu ya kuanguka. Aendelee au aache? Wewe unajua. Niambie."

Muhuri ulikuwa mkononi. Sikudhani akamtazama mtoto, na mtoto akamtazama yeye, macho makavu, bila woga na bila haja. Kumwambia aache ni rahisi, na kumwambia aendelee ni rahisi vilevile. Neno lolote ambalo angelisema, mama huyu angelifuata hadi kaburini.

"Mama Tunu," akasema, "sijui."

Kalamu ya Bwana Kizingo ikasimama.

"Hujui nini?" mama akauliza.

"Sijui Tisa inafanya nini. Yale ya njia panda niliyatunga ili nimtoe mdogo wangu. Nisamehe."

Hasira ikampanda Mama Tunu. "Basi wale wengine umewatoaje?"

"Walisema wanataka kutoka. Hilo walilijua wenyewe. Huyu wako hajui, nawe hujui, nami sijui."

"Miezi saba!" Mama Tunu akapiga paja lake. "Miezi saba nauliza, na kila mtu katika nchi hii anajua! Afisa anajua, mpishi anajua, wewe ulikuwa unajua hadi jana! Sasa mimi nifanye nini?"

"Usimwachishe ghafla. Nimeona kwetu dawa za kifafa, ukizikata ghafla huweza kuua, na hii sijui kama ni kama zile. Chukua daftari. Andika amekunywa saa ngapi na kiasi gani, ya jiko la asubuhi au la jioni. Andika ameanguka au hakuanguka. Amelala, amekula, amecheka, andika. Usiandike unalolitaka, andika unaloliona. Usibadili kitu mpaka kurasa zimekuwa nyingi, na ukibadili, badili kimoja."

"Kuandika ni kosa. Hesabu ni ya serikali."

"Najua," akasema Sikudhani. "Hilo ndilo pekee ninalolijua."

Walimkamata kabla hajasimama. Alishtakiwa kwa kosa la kutojua hadharani, ambalo adhabu yake ni kufukuzwa nchini na kuvuliwa koti. Baraza likataka pia barua zake arobaini na mbili, pamoja na ya Mfaume, zibatilishwe na wagonjwa warudishwe vitandani. Hapo ndipo Bwana Kizingo, aliyekuwa akisoma hukumu, alipokohoa akaomba radhi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kubatilisha ni kusimamisha. Na sheria yasema asiyejua hawezi kusimamisha. Ni nani anayejua?"

Mheshimiwa Shaweji alitazama kulia akatazama kushoto. Hakusimama mtu. Barua zikabaki halali. Bwana Kizingo akaendelea kusoma kwa sauti ileile, wala hakumtazama Sikudhani hata mara moja.

Mfaume alianza kutetemeka tena wiki ya tatu baada ya kufika nyumbani. Hisia zilirudi polepole, kwanza kwenye viganja, kisha kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia, vingine bado. Siku hizi hashoni. Anapima, anakata kwa mkasi mzito, na anawasimamia mafundi wawili aliowaajiri. Zipo siku anamwambia dada yake kwa uchungu kwamba angalau kule aliweza kushika kikombe mbele za watu. Sikudhani hambishii.

Kutoka Yasemekana hakuja neno kwa miezi mitano. Kisha mfanyabiashara mmoja akamletea bahasha yenye kurasa zilizochanwa kwenye daftari, zimejaa mwandiko wa mtu asiyezoea kuandika. Sikudhani alivaa miwani akazisoma zote kwa kituo, kama alivyokuwa akisoma cheti cha daktari, mpaka ukurasa wa mwisho.

"Siku ya sabini na mbili," mama Tunu alikuwa ameandika. "Kijiko kimoja, jiko la asubuhi, baada ya uji. Hajaanguka. Paka alianguka kutoka darini akaingia kwenye beseni la maji, Tunu akacheka sana. Sijui kama ni dawa au ni paka. Nimeandika vyote viwili."